Alipanda, Springi Haikushuka

Watu wakinisikia nikisimulia jambo hili, huuliza kwanza kama nilikuwa nimelewa. Sinywi. Mimi ni shemasi kanisani, na pombe sijaionja tangu nioe. Kisha huuliza kama ilikuwa usiku. Haikuwa usiku! Ilikuwa saa tisa mchana, siku ya Ijumaa, jua linawaka hapa Kanyakine na kuku wa jirani wanachakura karibu na miguu yangu. Kwa hiyo nyamaza nikueleze. Nikimaliza, ucheke ukitaka.

Mimi ni fundi wa magari, na kazi yangu hasa ni springi. Miaka ile ya tisini pikapu nyingi za huku zilikuwa zile zinazosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu, na barabara zetu unazijua. Mvua ikinyesha matairi yanachimba mitaro, katikati jiwe linabaki limeinua kichwa, na gari la chini linapasuka sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Dawa yake ni kuliinua. Haligeuki kuwa la kusukumwa na magurudumu yote manne, lakini angalau tumbo lake linapona.

Mama Kendi aliniletea pikapu yake Jumatano. Alikuwa mjane aliyebeba ndizi za wakulima kupeleka sokoni, na Jumamosi hiyo alitakiwa kuwabeba kina mama kumi na wawili wa kwaya kwenda harusini ng'ambo ya mto. Mteremko wa kushuka mtoni ndio uliokuwa ukimsumbua.

"Fundi, inua hii gari mpaka nisahau mawe," akaniambia. "Na unifanyie kazi safi. Hao ni mama za watu nitabeba."

"Mama Kendi, mimi nilikufanyia kazi chafu lini?" nikamjibu. Majivuno hayo.

Kazi yenyewe si ngumu. Mbele unakaza zile fimbo za chuma zinazobeba uzito, gari linapanda. Nyuma unaweka tofali la chuma kati ya ekseli na springi, kila upande, kisha unafunga vyote pamoja kwa yubolti, yaani bolti zilizopindwa mfano wa herufi U. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye dhambi yangu. Ukishaweka tofali, yubolti za kwanza hazifiki tena. Unahitaji ndefu zaidi, na ziwe mpya, kwa sababu iliyowahi kukazwa na kubeba mzigo huwa imevutika, na haiaminiki tena. Kila fundi anajua hivyo.

Nilikuwa na mbili mpya, zikatosha upande wa kulia. Za upande wa kushoto zilitaka nipande gari hadi Meru mjini, na mimi nikaona uvivu. Nyuma ya poshomili, pale tunaposagia unga, kulikuwa na mabaki ya pikapu iliyopata ajali kabla sijarudi kutoka Maua, nilikokuwa nikifanya kazi. Nayo ilikuwa imeinuliwa vivyo hivyo. Upande mmoja yubolti zake zilikuwa zimekatika. Niliziona, usidhani sikuziona! Nikafungua zile nzima za upande wa pili, nikazisugua kutu, nikazipaka rangi nyeusi zikang'aa. Mama Kendi alipopita Ijumaa asubuhi kuuliza, nikamwambia zote ni mpya. Niamini, uso wangu haukubadilika hata kidogo.

Mchana nikamaliza. Nikalitoa gari mahali penye tambarare mbele ya gereji, nikapima kwa futi kamba kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi. Kulia na kushoto, sawasawa. Kilichobaki ni kulipakia uzito nione linavyoshuka. Hapakuwa na mtu karibu. Nikawaza moyoni kwamba angepita jitu zima ningemwomba apande.

Akatokea. Mwanamume mkubwa, mabega mapana, gunia la kahawa begani. Alivaa koti zito la mvua na jua lote lile. Sikumjua.

"Muga, fundi," akanisalimu. "Unatafuta uzito?"

Je, nilikuwa nimesema kwa sauti? Mpaka leo sijui. Wakati ule nilifurahi tu.

"Panda, baite, unipimie springi," nikamwambia, kama tunavyoitana wanaume wa huku.

Akapanda na gunia lake, akasimama pembe ya nyuma, upande wa kushoto. Nikachuchumaa na futi kamba yangu. Nikapima. Nikapima tena. Gari halikuwa limeshuka hata unene wa ukucha. Wewe fikiria! Hata mtoto wa darasa la kwanza akipanda pikapu, springi inapumua kidogo. Nikadhani nimezikaza kupita kiasi, nikamwomba arukeruke.

Akaruka. Niliona buti zake zikiinuka na kutua kwenye bati, mara tatu. Bati halikulia. Springi haikutikisika. Futi kamba ikaniponyoka mkononi.

"Mimi sina uzito siku hizi," akasema polepole, bila hasira. "Lakini hao mama wa kesho wako nao."

Nani alikuwa amemwambia habari za kina mama?

"Wewe ni nani?" nikamuuliza.

Aliinama juu ya ukingo, akaangalia chini kwenye gurudumu la kushoto. "Hizo bolti nazijua," akasema. "Umepaka rangi, lakini nazijua."

Kisha akashuka. Na hapa ndipo watu huacha kuniamini. Mguu wake wa mwisho ulipoachia bampa, gari likadidimia ghafla, kana kwamba kwaya nzima imepanda kwa pamoja. Nyuma kulikuwa kutupu! Kitu kikalia paa! Yubolti ikakatika, tofali la chuma likaruka na kuanguka kando ya mguu wangu, ekseli ikahama, gurudumu likajibana ndani ya madigadi. Kuku wakatawanyika. Nilipoinua macho, barabara ilikuwa wazi pande zote mbili na hapakuwa na mtu.

Mama Kendi alinikuta nimekaa chini. Nikamweleza koti, nikamweleza gunia. Akashika kifua, akamwita Mungu kwa Kimeru.

"Murungu wakwa! Huyo ni yule mtu wa kahawa. Si alikufa hapo mteremko wa mtoni? Alikuwa amepewa lifti nyuma ya pikapu, ekseli ikatoka. Hiyo gari si ndiyo iko nyuma ya poshomili?"

Ningeweza kudanganya tena. Ningesema zile bolti nilizouziwa zilikuwa mbovu, naye angeniamini. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho. Nikamwambia nilikozitoa.

"Uliniambia ni mpya," akasema. Hilo tu. Akajifunga leso yake, akaenda zake.

Jumamosi kwaya ilienda harusini kwa miguu. Nilijificha ndani ya gereji nikawatazama wakipita, kumi na wawili, viatu mkononi, wakiimba. Nililia. Sioni haya kusema.

Nilienda Meru mjini, nikafunga yubolti nne mpya na springi mpya. Nikapima. Pembe ya nyuma kushoto, pale aliposimama yule mtu, ilikuwa chini kwa vidole viwili, gari likiwa tupu. Nimebadilisha springi mara tatu. Fundi mmoja wa Mikinduri naye alijaribu, akalirudisha vilevile. Mpaka leo liko hivyo, na pembe ile Mama Kendi haweki hata mkungu wa ndizi. Alinisamehe, lakini kila nikimfanyia kazi huchuchumaa kando yangu na kuniuliza bolti zimetoka wapi.

Kwa hiyo wewe fundi mwenzangu, kilichoua mtu usikipake rangi. Na wewe mwenye gari, ukimpa mgeni lifti, kabla hujamtazama usoni, tazama kwanza gurudumu kama limesikia uzito wake. Mimi hata nikipanda gari la mwenzangu huinama kwanza, nione kama springi imeshuka kwa uzito wangu.