Bakuli la Steinvör

Kwa miaka hamsini na minane Oddný hakuwahi kumaliza chakula chake. Kila mlo aliacha nusu katika bakuli lake la mbao, akamsukumia mbwa. Majirani walisema bibi yule ana tumbo la shomoro, wakamhurumia, maana dada yake aliliwa na jitu.

Ndivyo ilivyosemwa hapo shambani. Mwaka ule majivu ya volkano yalipoua nyasi na kondoo, dada huyo, Steinvör, aliugua, akawa hatoki kwenye kitanda alicholala na mdogo wake, Oddný. Mama yao alimpimia kila mmoja chakula katika bakuli lake lenye kifuniko, kisha akatoka kuchimba mizizi. Akirudi, hukuta mabakuli yote mawili matupu.

"Mtoto anakula, lakini anazidi kukonda," mama alilia. "Jitu la mlimani linammaliza."

Oddný, mwenye miaka tisa, aliitikia kwa kichwa. Steinvör alizikwa kabla ya Pasaka. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hata uzeeni, Oddný akisikia kifuniko kikigonga bakuli, moyo ulimruka.

Majira haya ya baridi Mchungaji Eyjólfur alikuja, kama kila mwaka, kuwasikiliza watoto wakisoma. Alipenda maneno ya kale kuliko chakula, na chakula alikipenda mno. Mjukuu wa Oddný, aliyerithi jina la Steinvör, akamwuliza kama majitu bado yako mlimani.

"We mtoto, unadhani jötunn, jina letu la kale la jitu, ni urefu tu?" mchungaji alicheka, mdomo umejaa samaki mkavu na siagi. "Wajuzi wanasema neno hilo ni ndugu wa neno letu la kula. Wahenga walimaanisha mlaji, yule asiyeshiba. Hata mfupi anaweza kuwa jitu!"

"Basi jiangalie, Baba Mchungaji, siagi yenyewe inaisha!" mkwe wa Oddný alimtania, na wote wakacheka.

Oddný hakucheka.

"Kumbe mama hakukosea," alisema.

"Hakukosea nini, Bibi?" mjukuu aliuliza.

"Njaa ilikuwa inaniuma. Nilikuwa nafunua bakuli la dada yangu, nakula, nafunika. Yeye ananiangalia tu. Hakunisema hata siku moja." Akamgeukia mchungaji. "Jitu halikushuka mlimani, Baba. Lilikuwa limelala naye kitanda kimoja."

Mchungaji akaacha kutafuna. Steinvör mdogo, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akilala na bibi, alichukua kifuniko, akafunika bakuli lake mwenyewe, akaweka mkono juu yake.