Bi Hatua Kumi na Chupa Mbili za Dawa

Katika ofisi yao ya kuchora matangazo na lebo walimwita Bi Hatua Kumi, na jina hilo alilipata kwa haki yake. Kazi haikutoka mezani kwake kwenda kwa wachapaji kabla hajaibandika ukutani mwisho wa korido, akarudi nyuma hatua kumi, kisha akamwita mama wa chai: "Mama, hebu nisomee hapo." Wenzake walimcheka mpaka wakachoka wenyewe.

Ugonjwa huo aliupata chuo cha sanaa. Alifika pale kichwa kimemvimba, maana kwao alikuwa fundi wa kuchora maua. Kila shangazi alikuwa na maua yake sebuleni, na shangazi gani atakwambia mchoro wako mbaya? Mwaka wa kwanza akapewa bango la kliniki ya chanjo. Akalihangaikia wiki mbili, akalijaza maua mpaka pembeni. Mwalimu wa herufi, mzee mfupi aliyeanza maisha kwa kupaka maandishi kwenye milango ya maduka, alilibandika mwisho wa korido, akamwita mfagizi.

"Bwana mkubwa, hapo pameandikwa nini?"

Mfagizi akakunja uso. "Maua mazuri, mwalimu."

"Na chanjo ni lini?"

"Chanjo gani tena?"

Darasa likaangua kicheko, na binti akatamani ardhi ipasuke immeze. Jioni akampigia baba yake simu, akilia, kwamba chuo basi, anarudi nyumbani. Baba, mtu wa maneno ya kuhesabu, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Kwani mwanangu, hiyo chanjo ilikuwa lini?"

Hata yeye hakukumbuka.

Hakurudi nyumbani. Alilichora bango lile upya mara sita, na mara ya saba mfagizi akasoma siku, saa na mahali bila kusita. Rangi angejifunza popote, na kompyuta vilevile. Lakini kuchora kwa ajili ya mtu aliyesimama mbali, mwenye haraka zake, hilo alilipata kwenye korido ile, na ndilo lililomlisha miaka kumi na minne.

Ndipo kikaja kiwanda cha dawa. Walitaka lebo za chupa mbili za dawa ya kikohozi, moja ya watu wazima, nyingine ya watoto. Akachora lebo nyeupe, herufi nyembamba za kijivu, na jani dogo juu. Mkurugenzi wa kiwanda alipoziona kwenye kompyuta alizipenda palepale. Bosi wa ofisi akaanza kutembea kifua mbele. Sifa zile zilimlevya Bi Hatua Kumi, na kwa mara ya kwanza hakupita koridoni.

Asubuhi ya kutia sahihi alizipanga chupa za mfano dirishani, kwenye chumba cha mkutano, akaenda mlangoni kupokea wageni. Alipogeuka, hakujua ipi ni ipi. Na amezichora mwenyewe!

 Akamvuta bosi pembeni. "Bosi, hizi lebo haziendi popote."

"Dada, usinitilie mchanga kwenye kitumbua. Hawa wakiondoka bila kusaini, na wewe utaondoka nao."

Aliogopa, tusidanganyane. Lakini alipiga moyo konde, akamgeukia mkurugenzi, mtu mzima mwenye mvi na miwani minene. "Mzee wangu, samahani. Naomba uvue miwani, usimame hapa mlangoni. Kuna mtoto anakohoa. Dawa yake ni ipi?"

Mkurugenzi akacheka, akavua, akanyoosha kidole bila wasiwasi. "Ile ya kushoto."

Bi Hatua Kumi akaifuata chupa, akamwekea mkononi, akamwomba avae tena miwani yake. Mzee akasoma. Kicheko kikamwisha usoni.

"Hii ya watu wazima," alisema taratibu. "Nani kachora hizi?"

"Mimi," akajibu, na sauti haikutetereka. "Tena kosa ni langu peke yangu. Nipe siku nne nizichore upya."

Bosi alikuwa anaangalia viatu vyake. Mkurugenzi aliigeuzageuza chupa ile kiganjani.

"Mjukuu wangu ana miaka minane," alisema. "Akikohoa usiku, ninayempa dawa ni mimi. Na saa hizo miwani huwa sivai."

Akaifunika kalamu yake, akairudisha mfukoni. "Chora, mama. Tutasubiri."