Tulifuata Mbuzi Hadi Bwera

Baba yangu ana hadithi moja. Wenzangu wana baba wenye hadithi nyingi; mimi nilipewa mwenye moja, lakini hiyo moja anaijua kuisimulia. Alikuwa dereva jeshini mpaka alipostaafu, ndiyo maana nyumbani kwetu Bulembia, Uganda, tunaongea Kiswahili cha kuamrishana, na mimi nikitaka kitu namwita Afande.

Hadithi yenyewe ni hii. Zamani, kabla hajaingia jeshi, alivuka daraja la Mpondwe akaenda soko la Kasindi, upande wa Kongo. Pale akamkuta Tonton Wino, yaani Mjomba Wino, mchoraji wa vitabu vya katuni vya Afande Mbuzi. Kama hujawahi kuvisoma, pole sana: Afande Mbuzi ni mbuzi sajenti, ana kofia ya jeshi upande mmoja na pembe upande wa pili, kazi yake kukamata watu wanaofunga mbuzi wengine kamba. Baba akanunua kimoja. Mchoraji akachukua kalamu, akaandika juu ya jalada: *Kwa Kasereka, aliyefika leo.* Akatia sahihi.

"Na hakuniuliza jina!" Baba husema hapo, akisimamisha tonge hewani. "Aliniangalia hapa, usoni, akajua mimi ni wa tatu. Alijuaje?"

Kwetu jina halichaguliwi, linahesabiwa. Mtoto wa kiume wa tatu ni Masereka. Akivuka mto kwenda Kongo anakuwa Kasereka, mtu yule yule. Mimi ni Mbambu kwa sababu nilikuta wasichana watatu wamenitangulia na wamemaliza nguo nzuri zote. Basi Baba, Masereka, alitambuliwa kwa uso tu. Sisi tulitakiwa kuitikia, "Alijuaje, Afande?" na Mama alitakiwa kusema, "Kula, chakula kinapoa." Ndiyo ibada yetu.

Kisha akaja Kule.

Kule ni mtoto wa shangazi, tuko naye kidato cha tatu, na amejipa cheo cha Jaji wa Sahihi. Anakusanya Afande Mbuzi wa zamani. Anavyo vitatu vyenye sahihi, alivyonunua kwa mama mmoja wa sokoni, na anavikagua kwa lenzi ambayo maabara ya shule bado inaitafuta. Jumapili moja alikuja kula kwetu, Baba akasimulia, akaleta kitabu. Kule akatoa lenzi mfukoni. Mtu gani anakuja na lenzi kwenye maharage?

"Mjomba, samahani," akasema. "Hii ni bandia."

Akaeleza, tena kwa adabu, na hiyo ndiyo iliudhi zaidi. Sahihi za vitabu vyake vitatu zinalala vizuri, zina mkia mrefu chini kama wa tumbili. Tena herufi zake ni zile zile za maneno yanayotoka midomoni mwa wahusika ndani ya kitabu: W ile ile, O ile ile. Mkono ule ule! Ya Baba imepinda, haina mkia, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. "Halafu, Mjomba, mtu atajuaje jina lako bila kukuuliza?"

Baba akacheka. "Labda niliandika mwenyewe nikasahau," akasema. Sote tukacheka.

Lakini wiki iliyofuata wageni walikuja na hadithi haikuja. Mama alitega kabisa: "Hivi Kasindi siku hizi bado kuna soko?" Baba akasema, "Sijui," akaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake.

Nikaona hapana. Yule mama wa sokoni alikuwa amemwambia Kule kwamba Tonton Wino alikimbia vita kwao Butembo, sasa anaishi Bwera, anachora vibao vya maduka. Nikamwambia Kule, "Tunaenda kumuuliza mwenyewe. Ukishindwa, utasimama mbele ya Baba useme umeshindwa." Akakubali haraka mno, kama mtu anayesikia harufu ya ushindi.

Kwa Baba niliomba kitabu kwa heshima zote. Hakuniangalia. "Chukua. Kitu ya bandia inaogopa safari gani?"

Bulembia, asubuhi. Usafiri ulikuwa kwaya. Kwaya ya kanisa letu ilialikwa kuimba harusini Nyakiyumbu, na Nyakiyumbu ni pua na mdomo na Bwera. Walikodi lori dogo, na nafasi ni kwa waimbaji tu. Mama Biira, kiongozi wa kwaya, alisimama mlangoni mwa lori kama askari wa forodha.

"Mbambu, wewe tangu lini unaimba?"

"Tangu nimeokoka, mama."

"Na uliokoka lini?"

"Leo asubuhi."

Akamtazama Kule. Kule, ambaye sauti yake siku hizo ilikuwa inavunjika kama kibiriti chenye unyevu, akasema yeye ni besi. Mama Biira akatupa majoho. Mungu anaona.

Kikorongo, tunaiacha barabara kuu na kukunja kulia. Nyuma yetu milima imejifunika mawingu kama mtu asiyetaka kuamshwa, mbele ni tambarare ya mbuga, nyasi na miti yenye miiba. Hapo lori lilisimama dereva aangalie tairi, na nyani mmoja mzee akapanda, akachukua kichane cha ndizi cha Mama Biira, akashuka bila haraka. Mama Biira alimkemea kwa jina la Yesu. Nyani akaketi kando ya barabara akamenya. Kule alinong'ona kwamba yule ameokoka kabla yangu. Nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba mimi na yeye ni maadui, nikakaza uso.

Nyakiyumbu, harusini. Tuliimba. Sitaeleza sana. Katika ubeti wa pili besi ya Kule iliruka ikawa soprano, bibi harusi akageuka, na mzee mmoja wa meza ya mbele akaweka soda chini taratibu. Mama Biira alinyoosha mkono tu, tukavua majoho. Tulipata chakula lakini. Aibu na ugali wa muhogo vinaweza kushuka koo moja.

Kutoka hapo tulipanda bodaboda, mimi katikati na kitabu ndani ya blauzi kimefungwa kwa mfuko wa plastiki.

Bwera, mchana wa soko. Watu wanashuka kuelekea mpakani na kupanda kutoka mpakani. Wanawake wa Kongo na maharage na mafuta ya mawese, wanawake wetu na samaki na chumvi ya Katwe, na kila mtu anaongea lugha tatu kwa sentensi moja. Tukaanza kuuliza kwa Tonton Wino. Hakuna aliyemjua. Kule akaanza kufurahi.

Nikainua macho. Juu ya mlango wa bucha kulikuwa na kibao: mbuzi mwenye kofia ya jeshi anakata nyama, na nyama ni ya ng'ombe. Nikamvuta Kule mkono. Duka la pili, kinyozi: mbuzi amekaa kwenye kiti ananyolewa ndevu, anajitazama kwenye kioo kwa mashaka. Mbele tena, kliniki: mbuzi ana kipima joto mdomoni. Fundi viatu: mbuzi, kwato nne, viatu viwili. Tukawafuata mbuzi. Kila kona ilikuwa na mmoja, na rangi zilizidi kuwa mbichi kadiri tulivyokwenda, mpaka tukafika ua ambao mbuzi wake alikuwa bado anakauka.

Chini ya bati alikaa mzee mwembamba mwenye rangi ya kijani mpaka kwenye nyusi. Kando yake jamaa mmoja mkubwa, ndevu kama za Afande Mbuzi, anachomelea fremu ya chuma.

"Karibuni, batoto," mzee akasema. "Munataka kibao ya nini? Butiki? Saluni?"

"Shikamoo, Papa. Tunataka sahihi," nikasema.

Kule akanipita. Akatoa vitabu vyake vitatu, akavipanga kama karata. "Papa Wino, hizi ni za kwako?"

Mzee akapangusa vidole, akaangalia. Akatabasamu. "Hapana. Iyi hata moja haiko ya kwangu."

Nimewahi kuona puto likitobolewa, lakini si puto lenye lenzi.

"Lakini… zinafanana na maneno ya ndani!"

"Zitakosa kufanana namna gani?" sauti ikatoka jikoni. Akaja mama mnene, kitenge kiunoni, mwiko mkononi. "Yeye anachoraka, mimi ninaandikaka. Maneno yote ya mu kitabu ni mimi. Na sahihi ya watu sokoni ni mimi. Mi nilisoma kwa masista! Mwandiko ya huyu mutu iko sawa na kuku alikunywa kasiksi."

Kasiksi ni pombe ya ndizi. Mzee hakukataa; alisema tu kwamba kuku naye ni kiumbe.

Basi zamu ikawa yangu. Nikafungua blauzi, nikatoa mfuko, nikatoa kitabu. Nilimpa kwa mikono miwili.

Mzee alikiangalia, akakisogeza mbali, akakirudisha karibu. Yule mama akachungulia juu ya bega lake. Mwiko ukaanguka.

"Wino! Iko iyi! Njo iyi kitabu!" Hiyo "njo" ya Kongo ni "ndiyo" yetu.

"Ni bandia, Papa?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka kama besi ya Kule.

"Bandia?" mzee akasema. "Mutoto wangu, iyi njo mukono wangu mwenyewe. Labda njo moja tu iko mu dunia."

Nikageuka kumtafuta Kule nimkanyage kwa maneno. Lakini mama yule alikuwa ameshaanza, akimnyooshea mumewe kidole.

"Siku ile mi niko maternite. Nimezaa. Mutu ya kuandika hayuko, anabaki peke yake na meza yake ya sokoni. Banamwambia: Tonton, umepata kijana, wa tatu! Kichwa inatembea. Anachukua kitabu, anaandika jina ya mutoto, atamuletea nyumbani, zawadi yake ya kwanza. Halafu anaiweka wapi? Anaiweka juu ya zile za kuuza! Anauzisha kitabu ya mutoto wake!"

"Nilikuwa na furaha," mzee akasema kwa sauti ndogo.

"Miaka yote namuuliza: Wino, kitabu ya mutoto iko wapi?"

*Kwa Kasereka, aliyefika leo.* Nilisoma tena, na safari hii maneno yalikaa mahali pake. Nikageuka kwa yule jamaa mwenye ndevu. Alikuwa amezima mashine na kuvua miwani ya kuchomelea.

"Njo mimi huyo," akasema. "Nimefika."

Kila mtu akacheka isipokuwa mimi. Nilikuja kutetea hadithi ya Baba, na nilikuwa nimeshinda, na hadithi ilikuwa imekufa mkononi mwangu. Hakuna aliyemwangalia usoni. Hakuna aliyemjua. Alikuwa kijana mmoja sokoni aliyeokota kitabu cha juu.

Kasereka alikishika kwa ncha za vidole, akifungua ukurasa mmoja mmoja, mtu mzima mwenye mikono ya chuma akicheka na mbuzi. Kisha akanirudishia.

"Baba yako naye ni wa tatu?"

"Ndiyo."

"Basi peleka. Alikilinda vizuri. Mi ningekikula, nilikuwa mutoto."

Mama Wino alitulisha sombe, kisamvu cha Kongo, mpaka tukashindwa kukaa wima. Kule, ambaye sikumtegemea tena kwa lolote, alimwomba amwandikie sahihi nyingine aone kwa macho. Akamwandikia kwenye kiganja, mkia wa tumbili na vyote. Kule hakunawa mkono ule mpaka mjini Kasese, karibu na kwetu.

Kurudi, lori la kwaya lilitupokea kwa sharti moja: tusiimbe. Nilikaa nyuma kabisa nikiangalia milima inavyobadilika rangi, nikipanga uongo. Nilipanga mzuri: mzee amekukumbuka, Afande, amesema uso wako alikuwa hajauona mfano wake. Kule alinisoma. "Usimwambie hivyo," akasema. "Atajua. Wewe huwezi kughushi." Kutoka kwa Jaji, niliichukua kama tusi na kama sifa.

Bulembia, nyumbani. Kule alisimama mbele ya Baba akasema ameshindwa, na alisimama wima. Mimi nikasimulia yaliyobaki, yote, mpaka mwiko. Baba alisikiliza akiangalia ukuta.

"Kwa hiyo hakuniangalia," akasema.

"Hapana, Baba."

"Alikuwa analia?"

Sikuwa nimefikiria hilo. "Sijui. Alisema alikuwa na furaha."

"Alikuwa na machozi," Baba akasema pole pole. "Sasa nakumbuka. Nilifikiri ni vumbi." Kisha akanguruma, "Wewe! Leta koti yangu, pasi hiyo koti!"

Siku ya soko iliyofuata alikwenda Bwera mwenyewe, koti limenyooka, kitabu kwapani. Alirudi bila kitabu. Mama akamuuliza kiko wapi, akasema kimefika. Alikuja na kibao badala yake, na kipo mpaka leo juu ya mlango wetu ingawa hatuuzi chochote: mbuzi wawili wenye kofia za jeshi wanapeana mikono, na chini, kwa mwandiko wa kuku aliyekunywa, *Masereka na Kasereka.* Sahihi haina mkia. Kule ameikagua kwa lenzi, akapiga saluti.

Jambo moja nililojifunza ni kwamba hadithi haikai kwenye karatasi. Jumapili iliyopita wageni walikuja, na kabla maharage hayajapoa Baba alisimamisha tonge hewani.

"Nikamkuta mtu analia katikati ya soko," akasema. "Mimi nikamuuliza: Mzee, umepata mtoto? Wa kiume? Wa tatu?" Akatuangalia mmoja mmoja. "Nilijuaje?"

"Ulijuaje, Afande?"

"Kula," Mama akasema, na alikuwa anacheka, "chakula kinapoa."