Mzigo Umelala Kushoto

Mpaka leo, lori likipita mbele yangu siangalii namba wala dereva. Naangalia turubai. Naangalia kama mzigo umekaa sawa au umeinamia upande, na ukiwa umeinama hata kidogo, nasahau nilikokuwa nakwenda. Nasimama pale pale njiani mpaka lipotee machoni. Watoto wangu wananicheka. Wacheke tu, hawajui.

Nimeshona midomo ya magunia kwenye ghala moja la Nachingwea tangu sijaolewa. Korosho, ufuta, mbaazi, vyote vimepita mikononi mwangu. Naketi mlangoni na sindano yangu ndefu na uzi wa katani. Gunia linapimwa, linaletwa, nalishona, wapakiaji wanajitwika kichwani na kupanda nalo ubao mpaka juu ya tela. Na huko juu ya tela, kwa miaka yote ninayoikumbuka, alikuwepo baba yangu.

Baba alikuwa mfungaji wa mizigo. Yeye ndiye aliyesema gunia hili lilazwe kwa urefu na la juu yake likae mkingamo, ili yashikane kama matofali ya ukutani. Alikataza mzigo usirundikwe nyuma ati kwa sababu nyuma ndiko karibu na mlango wa ghala. Uzito ukizidi nyuma, alisema, kichwa cha lori kinakuwa chepesi na usukani hausikii. Turubai likishafunika, alirusha kamba upande wa pili, akazipitisha kwenye ndoano za chini, akakita goti ubavuni mwa tela na kuvuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Fundo la mwisho lilikuwa siku zote upande wa kushoto, karibu na matairi ya nyuma, na juu yake alifunga kitambaa chekundu alichochana kwenye kanga kuukuu ya mama.

Kile kitambaa watu wote wa ghala walikijua. Maana yake ilikuwa kwamba hapa amefunga yeye, na mkono mwingine usiguse. Kugusa fundo la mfungaji ilikuwa sawa na kumwambia mbele za watu kwamba kazi hajui. Kwa hiyo lori likiwa la kwenda kuongezewa mzigo Ruangwa, baba alipanda nalo, akafungua mwenyewe, wakapakia, akafunga tena mwenyewe. Madereva waliona ni heshima, na mimi niliona hivyo hivyo. Sasa naona ni ujinga mtupu, na nasema hivyo nikijua kuna ndugu watakaoninunia.

Basi nikaolewa na dereva wa mojawapo ya malori hayo hayo.

Kwetu mwanamume hamsemeshi baba wa mke wake hovyo. Atamwamkia, ataitikiwa, basi. Akiwa na neno, hasa neno la kumkosoa, atalipitisha kwa mkewe. Na baba mkwe naye akiwa na lake, njia ni ile ile. Kwa hiyo hawa wawili waliofanya kazi kwenye lori moja, waliokula wali kwenye sinia moja, waliongea kwa mdomo wangu. Baba ameketi hapa, mume wangu hapa, chai iko katikati yao, na bado mume wangu ananiambia: "Mwambie baba chai inapoa."

Na mimi nilikuwa hodari. Nilijua kulainisha. Mume wangu akisema, "Mwambie baba huo ugoro wake unanipa kichefuchefu," mimi nilisema, "Baba, mkweo anaomba tufungue dirisha, joto limezidi." Baba akisema, "Mwambie mumeo anakanyaga breki kama anaua nyoka," nilisema, "Baba anakupa pole na barabara." Wote waliridhika. Majirani walinisifia kwamba nina ulimi mzuri na nyumba yangu haina kelele. Nikavimba kichwa. Nilidhani ninajenga.

Mwaka ule mbaazi zilikuwa nyingi, zikaingia kutoka Mnero, kutoka Chiola, kutoka kila upande, mpaka magunia ya katani yakatuishia. Ikaletwa mifuko ya nailoni, ile myeupe ya kung'aa. Wa kwanza nilipouegemeza gotini niushone, uliteleza ukaniangukia mguuni. Wa pili nao hivyo hivyo. Gunia la katani lina manyoya, likilala juu ya mwenzake linamshika. Mfuko wa nailoni haushiki kitu. Nikainua macho kwenye tela. Baba alikuwa anapanga vile vile alivyopanga siku zote.

"Baba, hii mifuko inateleza," nilimwambia.

"Umeanza lini kunifundisha kazi, mama?" alinijibu kutoka juu. Wapakiaji wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilicheka kabisa, meno nje.

Mume wangu alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Akanisogelea. "Mwambie baba, chini ya kiti changu kuna mikanda ya kukaza, ile yenye chuma. Mifuko hii kamba peke yake haitoshi. Aitumie."

Nikaenda hadi chini ya tela. "Baba, mkweo anauliza kama utahitaji mikanda."

"Ya nini?"

"Alikuwa anauliza tu."

Baba akavuta kamba. Nilimwona akivuta, akapumzika, akavuta tena, kisha akajichua vidole ambavyo siku hizo vilikuwa vimeanza kupinda. Akafunga fundo lake, akafunga na kitambaa. Ilikuwa asubuhi nzuri, jua halijachoma, na mimi nilikuwa kama mtu aliyesahau moto jikoni. Nikafunga sindano yangu kwenye ncha ya kanga.

Lori lilikuwa linakwenda kuongezewa mzigo Ruangwa, nami nilipanda nao kwa sababu huko walikuwa na upungufu wa washonaji. Tukakaa watatu mbele, mimi katikati, mahali pangu pa siku zote. Barabara ilikuwa na mashimo, na mume wangu aliendesha polepole kuliko kawaida yake. Kila tulipoingia shimo, nyuma yetu kulisikika kitu kizito kikijigeuza, kama mgonjwa anayejigeuza kitandani. Shimo, kikajigeuza. Shimo, kikajigeuza. Baba alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Mume wangu alikuwa anaangalia kioo cha kushoto, halafu barabara, halafu kioo cha kushoto tena, na jasho lilimtoka puani.

Katikati ya njia akasimamisha lori penye kibanda cha mihogo ya kuchemsha. Baba akashuka kununua. Mume wangu akazunguka upande wa kushoto. Aliporudi dirishani, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mzigo umelala kushoto," akasema. "Turubai limetoka tumbo. Kamba ndiyo inayoushikilia, hakuna kingine. Mwambie baba asije akafungua upande ule. Afungulie kulia, na watu wakae mbali. Na asisimame chini yake."

"Kwa nini usiikaze sasa hivi?"

Akaniangalia kama nimemwambia avue nguo sokoni. "Nishike fundo la baba? Mbele yake?" Kisha akasema, "Nitakwenda taratibu. Wewe mwambie. Mwambie sasa."

Baba alikuwa amekaa kwenye gogo, muhogo mkononi, anapuliza. Nilimwendea nikiwa na maneno yote kichwani: mzigo umelala kushoto. Maneno matatu. Lakini kulikuwa na watu watatu wanne pale kibandani, wengine wanamfahamu, na mmoja alikuwa anamsifia kwamba hajawahi kusikia mzigo wake umemwagika. Baba alikuwa anatabasamu. Nikaona siwezi kumvunjia hilo tabasamu. Nikajiambia, nitamwambia tukifika, tukiwa wawili.

"Baba, mkweo anasema tukifika tupumzike kwanza, msifungue haraka."

"Amechoka?"

"Amechoka kidogo."

"Maskini," akasema baba, akanikatia kipande cha muhogo nimpelekee.

Nilipopanda, mume wangu aliuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Muhogo ule nilimpa, akaula huku anaendesha. Kutoka hapo mpaka Ruangwa sikumbuki niliona nini nje. Nakumbuka bega la baba likigusa langu kila lori lilipoyumba, na kile kitu nyuma yetu kikijigeuza. Mara mbili nilifungua mdomo. Mume wangu alikuwa pale anasikia, na kama ningesema mbele yake angejua kwamba sikusema mwanzo. Nikafunga mdomo. Hivyo ndivyo uongo mdogo unavyokukaba, unakushika koo na wewe mwenyewe ndiye uliyeuweka.

Tulifika jua likiwa juu kabisa. Ua wa ghala ulikuwa umejaa watu. Getini wakamwita mume wangu apeleke karatasi ofisini. Kabla hajaondoka alinikazia macho. "Si anajua?"

"Anajua."

Akaenda. Mimi nikageuka kumtafuta baba, na baba alikuwa ameshashuka. Alikuwa anatembea kando ya tela, upande wa kushoto, anajipangusa mikono kwenye suruali. Nikamkimbilia. Turubai lilikuwa limevimba juu ya kichwa chake, na yeye hakuinua macho, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye kitambaa chake.

"Mwache mkwe wangu apumzike," akaniambia kwa furaha. "Mimi nalegeza kamba hizi, akirudi akute kazi imekwisha."

Alikuwa ameshika fundo. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake, labda nne. Kulikuwa na muda. Hili nalisema mbele ya Mungu, muda ulikuwepo, wa kutosha kabisa kusema "toka!" Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka.

"Samahani, baba," nikasema, "naomba nikuambie..."

Akanigeukia kunisikiliza, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, na mkono wake ukamalizia kulivuta fundo.

Mifuko haikupiga kelele. Iliteleza tu, mmoja baada ya mwingine, kwa haraka, kama ilivyoteleza gotini kwangu asubuhi, ikamfunika. Wapakiaji walikuja wakaivuta kwa mikono. Mingine ilikuwa imepasuka, mbaazi zimetapakaa ua mzima, na watu walikuwa wanateleza kwenye mbaazi hizo na kuanguka huku wanajaribu kumfikia.

Baba aliishi siku mbili hospitalini. Siku ya pili akili yake ilikuwa safi. Aliomba maji, nikamlowesha midomo. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Mkwe wangu alikuwa amechoka kweli?"

Nililia. Nikamwambia hapana, baba, hakuchoka. Alisema mzigo umelala kushoto, usifungulie upande ule.

Akainua macho darini. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Ungeniambia hivyo hivyo," akasema.

Tulimzika. Na kwenye msiba, chini ya maturubai mengine, nilimsikia mume wangu akiulizwa na wazee ilikuwaje. Akajibu kwa upole, akimlinda marehemu kadiri alivyoweza: "Aliambiwa. Nilimtuma mwenzangu, akamwambia. Sijui mzee alifikiria nini." Wazee wakatikisa vichwa. Wakasema alikuwa mbishi, walimjua. Maisha yake yote alikuwa mfungaji asiyewahi kumwaga mzigo, na ndani ya siku moja akawa mzee mbishi aliyekufa kwa kukaidi. Mimi nilikuwa nagawa uji hatua chache kutoka pale. Nikaendelea kugawa uji.

Niliubeba uongo ule mpaka arobaini ikapita. Siku moja, asubuhi, mume wangu anapima upepo wa matairi kabla ya safari, nikashindwa. Nikamwambia yote pale pale nikiwa nimesimama: kibandani nilisema nini, asubuhi ile kuhusu mikanda nilisema nini, na kwamba baba hakuambiwa chochote. Nilitegemea afoke. Nilitegemea hata anipige, na nisingemlaumu.

Hakufanya hivyo. Alikaa juu ya tairi la akiba, kipimo mkononi, akafikiri. Kisha akaniuliza:

"Na yale aliyokuwa ananituma baba, yalinifikia?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini nikakumbuka jioni moja ya msimu uliotangulia, baba amekaa barazani kwetu, anajichua vidole. Aliviangalia kwanza kama vya mtu mwingine, halafu akanena bila kuniangalia: "Mwambie mkwe wangu, siku akiona kamba yangu imelegea, aikaze tu. Asinionee haya." Niliona ni aibu baba yangu kusema maneno kama hayo. Niliona namsitiri. Nikaingia ndani kwa mume wangu, nikamwambia, "Baba anakusalimu."