Mapazia Yaliyopanda Ngazi

Wenzake pale hotelini walimwita Bi Sindano, kwa kuwa kifuani mwa gauni lake hapakukosa sindano. Alikuwa na cherehani tangu binti yake yuko mgongoni, na sasa binti huyo anafundisha Kiingereza sekondari. Bi Sindano mwenyewe Kiingereza alikiokota kama vifungo vilivyoanguka, kimoja kimoja.

Siku hiyo meneja mpya, mgeni kutoka ng'ambo, alimwita kwenye ukumbi wa chakula. Akainama, akashika pindo la pazia lililokuwa likiburuzika sakafuni. "Take up the curtains, please."

"Take" aliijua: chukua. "Up" aliijua: juu. Basi, kazi ni kazi. Akayatungua yote, akayabeba begani hadi ghorofa ya mwisho, maana lifti ilikuwa mbovu. Akapanda, akashuka, akapanda tena, mpaka miguu ikawa kama ya kuazima.

"Dada, unahama?" dobi alimuuliza kwenye ngazi.

"Nahamishwa," akajibu, hana hata nguvu ya kucheka.

Jioni meneja akakuta madirisha yako uchi. Hakugomba. Alimwonyesha kwa vidole: kufupisha, kuanzia chini. Bi Sindano akazitazama ngazi. Angelia, lakini kulia nako kunataka nguvu.

Nyumbani alijibwaga kitini. Binti akamkanda miguu kwa maji moto, akasikiliza kisa chote.

"Mama, maneno hayo yakioana huzaa mtoto asiyefanana na baba wala mama. Alikuwa ameshika nini aliposema?"

"Pindo."

"Basi maana ilikuwa mkononi mwake."

"Na macho yangu yalikuwa mdomoni mwake," akasema mama, akafumba macho.

Asubuhi dobi alimsaidia kuyateremsha. Akakata, akapinda, akashona hadi mgongo ukakakamaa. Alipotundika la mwisho, meneja akapitisha kiganja kwenye pindo, akaitikia kwa kichwa. "Take tomorrow off."

Moyo ukamshuka. Achukue kesho, aitoe wapi? Safari hii hakusogea. Akamtazama mikono.

"Nionyeshe," akamwambia kwa Kiswahili.

Meneja akalaza shavu juu ya kiganja, akafumba macho.

Bi Sindano akafunika cherehani.

Kesho yake jua lilimkuta kitandani. Binti alipochungulia na kusema, "Shikamoo, mama," marahaba ilitoka kwa shida, nusu yake ikabaki usingizini.