Gia ya Tatu Mpaka Juu

Watu wa Mugumu wakitaka kumsema Ghati huanza na mkono. "Yule mama wa mkono mmoja," wanasema, kana kwamba mkono aliusahau mahali kwa uzembe. Mimi huwasahihisha. Nawaambia yule ni Ghati wa Starlet, na kama unataka chai yangu iwe na sukari, mwite hivyo.

Naitwa Klementina, ila hapa wananijua kwa jina la Mama Hosea. Nilikuja Mara kumfuata mume aliyekuwa anachimba dhahabu Kewanja. Dhahabu hakuipata, akapata mwanamke mwingine, nami nikabaki na sufuria zangu. Nauza chai na chapati kando ya gereji ya fundi Machage, kwa hiyo magonjwa ya injini za mji huu nayajua kuliko ninavyojua magonjwa ya watu.

Ghati ana mashine ya kusaga kule Ringwani. Marehemu mumewe alimwachia ikiwa mbovu, akaifufua, ikamlisha, mwisho ikamnunulia gari: Toyota Starlet nyekundu ya milango miwili, ile iliyotoka kiwandani na turbo. Ni gari dogo ambalo unaweza kulificha nyuma ya trekta, lakini likikasirika hulioni tena. Ghati alilipenda bila aibu. Halafu siku moja mkanda wa mashine ileile ukamnasa mkono wa kushoto, na daktari akaukata chini kidogo ya kiwiko.

Mkono wa kushoto ndio mkono wa gia. Machage alimfungia kirungu kwenye usukani ili auzungushe kwa mkono mmoja, na kwenye barabara iliyonyooka Ghati alishajifunza mwenyewe: goti linashika usukani, mkono wa kulia unavuka, unabadilisha gia, unarudi. Waliompima upya kwa ajili ya leseni walimpitisha. Familia yake ndiyo haikumpitisha.

Kikao kiliitishwa nyumbani kwa mama yao Ringwani na mdogo wake, Waitara. Huyu ni mwanaume mwenye kifua kama mlango wa ghala, ila msibani yeye ndiye huanza kulia. Nilikuwepo kwa sababu Ghati aliniomba nimsindikize, na sikunyamazishwa kwa sababu hawakuwahi kujaribu.

"Dada, mkono tumeshauzika," Waitara alisema. "Wewe mwenyewe sitaki kukuzika. Gari nimelipatia mteja."

Ghati hakupandisha sauti. Kila mtu pale alijua kwamba Waitara alioa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake, kama wafanyavyo Wakurya, na kwamba ng'ombe wale walikuwa wamezaa na kuzaliana.

"Ng'ombe zangu ziko kwenye boma lako, Waitara. Watoto wako wanakunywa maziwa yake. Nimewahi kuja hapa nikakwambia nimezipatia mteja?"

Wajomba wakaangalia chini. Waitara akaleta jambo ambalo aliamini haliwezekani. Ghati aupande mlima wa kuja pale kwa mama yao, kuanzia darajani, yeye Waitara akiwa amekaa pembeni. Akiachia usukani kwenye kona, gari likizima, au mtu mwingine akimbadilishia gia, gari linaenda kwa mteja. Akifika juu, Waitara hatalitaja tena gari lile maisha yake yote.

"Sawa," Ghati alisema, na mama yao akasema atakaa mlangoni aangalie.

Mlima ule naujua. Una kona zinazofuatana, korongo upande mmoja, na karibu na juu kuna kipande kikali chenye kokoto tupu. Ukiupanda kwa gia ya pili, matairi ya mbele yanachimba kokoto na gari linabaki palepale linapiga kelele. Gia ya tatu ndiyo inayofaa, kwa sababu inasukuma kwa upole. Tatizo lilikuwa turbo. Kazi ya turbo ni kuzungushwa na moshi wa injini na kusukuma hewa nyingi ndani, na ile ya kiwandani ilikuwa ndogo na imechoka. Ghati alijaribu peke yake, akafika chini ya kipande kile, gari likakosa pumzi. Akarudi kinyumenyume hadi darajani, akaja gerejini akakaa kwenye benchi langu.

"Mama Hosea, nataka turbo nyingine," aliniambia, "na sitaki mtu anionee huruma."

Nikamwambia huruma yangu inauzwa, na chapati ni bei ileile.

Turbo zililetwa na Brayan, muuza vipuri wa Sirari ambaye Kiswahili chake kimeshavuka mpaka na hakirudi. Alizipanga tatu kwenye meza yangu, katikati ya vikombe. Moja ilikuwa sawa na ile ya zamani, ila mpya. Ya pili, kubwa kiasi, ilitoka kwenye Subaru iliyokatwakatwa. Ya tatu ilikuwa dubwana linalong'aa, na wateja wangu wote walisogea kuliangalia.

"Madam, usiogope," Brayan alisema. "Hii kubwa ndio iko na moto. Ukiekelea hii kwa hiyo gari yako, hata wazee watakuamkia shikamoo."

Wateja wakakubaliana naye. Wanaume wakiona kitu kikubwa hawana swali la pili.

Ghati aliiweka ile kubwa katikati ya magoti yake, akaizungusha kwa kidole. "Hii inaamka saa ngapi?"

"Injini ikifika mizunguko elfu tano hivi. Hapo sasa utajua hujui."

"Kwenye kona za kwetu sifiki elfu tano. Mpaka hii iamke nitakuwa korongoni nimelala." Akaitua chini. Ile ndogo akaikataa kwa maneno machache, kwamba itawahi kuamka na itawahi kuchoka, kama aliyokuwa nayo. Akaibana ya Subaru kwa magoti, akauvuta mhimili wake mbele na nyuma, haukucheza. Akapitisha kidole kwenye mapanga yake yote, akitafuta palipomeguka. Hapakuwepo.

Machage akakuna kichwa. "Hiyo haikai pale moja kwa moja, dada. Lazima nichonge kipande cha chuma cha kuiunganisha."

"Chonga."

Mteja mmoja akasema kwa sauti kwamba hata kuinyanyua hataweza. Ghati aliikumbatia kifuani kama mtu anayebeba mtoto, akaipeleka kwenye gari. Mteja yule nilimdai hela ya chai kabla hajamaliza kunywa.

Kuifunga ilikuwa vita. Machage alichonga kipande chake, lakini nati za chini Ghati alizikaza mwenyewe, amelala juu ya kipande cha boksi, spana mkononi, na kigutu cha mkono wa kushoto kikisukuma bomba lisicheze. Zamani alikuwa akikifunika kwa kanga. Chini ya gari kanga ilimsumbua, akaitupa.

Walimimina oili ndani ya turbo, wakazungusha injini bila kuiwasha mpaka oili ikasambaa, ndipo wakaiwasha. Ukatoka moshi wa bluu uliofunika gereji na chapati zangu. Watu wakacheka, mmoja akapiga picha. Machage aliingia chini, akakuta bomba la kurudisha oili limeinuka kidogo katikati. Lile linatakiwa literemke tu, kwa sababu oili inarudi kwa uzito wake. Ikikuta mwinuko inajaa na kuvuja kwenye ekzosi. Aliona aibu, maana bomba alilipinda yeye.

"Labda turudishe ile ya zamani," alisema.

"Fungua, lipinde upya," Ghati alisema. "Wanaocheka wana muda, na mimi ninao."

Safari ya pili moshi haukutoka. Machage, kwa furaha, akataka kuiongezea turbo presha. Ghati akamkatalia. Alitaka gari lifike, hakutaka lilipuke.

Siku ya mlima Waitara alikaa mbele, magoti yakigusa dashibodi. Mimi nilikaa nyuma niwe shahidi, na uzito wangu hakuna aliyethubutu kuuzungumzia. Darajani, kwenye tambarare, Ghati alipanga gia kwa kuvusha mkono: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akashika kirungu cha usukani na hakukiachia tena.

Kona za kwanza tulizipita vizuri. Nilisikia turbo ikianza kupuliza mapema, kwa sauti ya mluzi, na gari likatuvuta. Waitara alishika mkanda kwa mikono miwili. Nilianza kufurahi.

Baada ya kona ya mwisho, pale kipande cha kokoto kinapoanzia, tulikuta ng'ombe wamejaa barabarani, wanavuka bila haraka yoyote. Ghati alikanyaga breki. Gari likapungua, likapungua, hadi injini ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Mluzi ukakata. Ng'ombe wa mwisho alitoka njiani mkia ukitupungia, na mbele yetu kukabaki mlima mtupu. Nakiri niliogopa. Gia ya tatu, mwendo wa konokono, watu watatu: gari lilikuwa linazima.

Ghati aligusa klachi kwa mguu, kidogo tu, akakanyaga mafuta. Injini ikapanda sauti, klachi ikanuka.

Hapo ndipo Waitara alipopeleka mkono kwenye gia.

Sidhani alikuwa na hila. Uso ulikuwa wa mtu anayemwona dada yake akidondoka. Lakini vidole vilikuwa vimeshashika, na kama angeivuta kwenda ya pili, gari lingekuwa la mteja. Ghati hakuwa na mkono wa kumzuia. Wa kulia ulikuwa kwenye usukani, na korongo lilikuwa palepale. Alichokuwa nacho ni kigutu. Alikishusha juu ya vidole vya mdogo wake, kwa nguvu zake zote.

"Toa," alisema, macho yakiwa barabarani.

Waitara alitoa. Ghati akaachia klachi taratibu, turbo ikaamka, mluzi ukarudi, na Starlet ikazila kokoto moja baada ya nyingine. Nilikuwa nalia na sikuwa nasikia aibu. Tuliibuka juu, mbele ya nyumba, kwa gia ya tatu.

Mama yao alikuwa mlangoni, amesimama. Wajomba walikuja hadi dirishani.

"Nimeona gari limekaribia kuzima pale kwa ng'ombe," mama alisema. "Nani alibadilisha gia?"

Nilifungua mdomo, Ghati akanitazama kwenye kioo, nikaufunga. Swali halikuwa langu. Waitara alikuwa anapuliza vidole vyake. Angeweza kusema lolote. Mimi ni mgeni, neno langu kule Ringwani lina uzito mdogo kuliko mwili wangu.

"Hakuna," alisema. "Nilitaka kubadilisha mimi, akanipiga. Gari ni lake."

Mama aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani kutafuta maziwa. Tulikunywa, tukaaga. Waitara, ambaye alitakiwa kuteremka nasi hadi Mugumu, alitangulia kwenye gari na kufungua mlango wa mbele kama alivyozoea.

"Hapo anakaa Mama Hosea," Ghati alimwambia. "Wewe panda nyuma."

Akakunja kifua kile chote, akapanda nyuma.