Kaka Yangu Alivyolala Chini ya Pikapu Yangu ya Koili

Kaka yangu, mtu mzima mwenye ndevu na watoto, alitoka mbio na fulana ya ndani na taulo kiunoni, akajitupa chini ya pikapu yangu huku injini inanguruma.

Akajinyoosha chali kati ya tairi za mbele na za nyuma.

Akafumba macho.

"Ukitaka kuondoka," akasema, "nipite juu."

Ilikuwa asubuhi, jua ndio kwanza linachungulia. Nyuma nilikuwa nimepakia mizinga, na nyuki wamo ndani. Nyuki hai, jamani, wamezibiwa mlango kwa wavu, wanavuma kuliko injini yenyewe.

Nikazima gari. Nikainama.

"Kaka, umeamka salama?"

"Sitoki."

"Taulo linafunguka."

"Sitoki, nimesema!"

Ngoja nirudi nyuma kidogo, la sivyo mtadhani kwetu ni nyumba ya vichaa.

Pikapu ile ilikuwa ya baba. Ndiyo iliyotulisha, ikatuvisha, ikatusomesha. Mgongo wa mzee ulipogoma, ukoo mzima ulijua gari litakwenda kwa kaka. Kaka mwenyewe alishachagua hadi rangi atakayolipaka.

Baba akanikabidhi mimi.

"Huyu ndiye aliyekuwa anashika jeki nikipata pancha," akamwambia kaka. "Wewe ulikuwa unashika simu."

Weee! Yalizuka maneno. Wajomba wakauliza mwanamke na mizigo wapi na wapi. Wifi yangu, mke wa kaka, tunakaa naye ua mmoja, akawa ananisalimia kwa kope tu. Mimi nikajikaza kisabuni, nikaendesha.

Tatizo langu halikuwa wao. Tatizo langu lilikuwa makalio ya gari.

Ukilipakia tu, nyuma linakaa kitako, pua inaangalia mbinguni. Mtaani wakaliita Chura. Taa zake zilimulika ndege badala ya barabara. Usukani unakuwa mwepesi, unajiuliza kama tairi za mbele bado zipo au zimeshapaa. Na kila shimo: gubu! Chuma kwa chuma, na uti wangu wa mgongo katikati.

Nikajua sasa mgongo wa baba uliishia wapi.

Fundi wangu, mtaa mzima unamwita Spana, akaniongezea majani kwenye springi, zile bapa za chuma zinazolaliana chini ya gari kama sahani kabatini. Nyuma kukanyanyuka, sikatai. Lakini likiwa na mzigo mwepesi likawa linarusha mateke kama punda aliyechokozwa.

Sasa mzigo wangu mkubwa ulikuwa nini? Mizinga ya Mama Asali.

Mama huyu ni jirani yetu wa nyuma ya ukuta, mfugaji wa nyuki. Alizeti zikichanua kule bondeni, anahamishia mizinga yake huko. Madereva wote walishamkimbia. Mimi nikasema nitabeba.

Siku moja, kwa mateke yale ya punda, mzinga ukapasuka njiani.

Sitaki kusimulia sana. Nilirudi nyumbani nimevimba uso, mtoto wa kaka akafungua mlango, akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo, unamtafuta nani?"

Hapo ndipo nilipoapa. Ama gari linyooke, ama mimi niache kujiita dereva. Na kuacha sikuwa na mpango huo.

Sokoni nikakuta pikapu kama yangu imejaa viazi, imesimama sawasawa kama meza. Nikainama, nikachungulia. Kumbe pamoja na majani yake, mwenyewe ameongeza koili kila upande, zile springi zilizojiviringisha kama ya ndani ya kalamu, ila nene kuliko kidole gumba.

Nikaenda moja kwa moja kwa Spana. "Nataka hizo."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Mmoja akaniuliza kama nataka na godoro kabisa.

"Dada," Spana akasema, akipangusa mikono, "gari hili limezaliwa na majani. Halikuzaliwa na koili."

"Hata mimi sikuzaliwa na usukani. Fungua."

Hakufungua. Akaagiza chai.

Basi nikachukua ovaroli iliyotundikwa mlangoni, nikaivaa juu ya gauni langu, nikapiga jeki, nikaingia chini mwenyewe. Kicheko kikafifia. Chai ikapoa. Baada ya muda nikaona miguu ya Spana inakuja, kisha Spana mzima kalala pembeni yangu.

"Hiyo nati unaifungua kinyume," akasema.

Tukafanya kazi. Majani tuliyoongeza tukayatoa, yakabaki yale ya kiwandani. Kila upande, kati ya chasisi na ekseli, ule mtaimbo unaobeba tairi za nyuma, tukasimamisha koili: juu imeshikwa na kikombe cha chuma, chini imekalia bamba lililofungwa kwenye ekseli kwa yubolti, zile boliti zilizopinda kama U. Chasisi hatukuitoboa popote. Spana akapitisha mkono kuhakikisha mpira wa breki hausuguani na kitu.

Tukapakia mchanga. Nyuma kukashuka kidogo, kukasimama.

Nikalipitisha kwenye lile shimo la mbele ya gereji, shimo lililowatajirisha mafundi wote pale. Gari likashusha pumzi tu, likaendelea.

Hakuna aliyecheka.

"Sasa sikiliza," Spana akaniambia dirishani. "Hizi zinaliinua gari, haziliongezei nguvu. Chasisi ni ile ile, breki ni zile zile. Mzigo usizidi wa zamani."

Nikamwelewa. Bahati mbaya, nilimwelewa peke yangu.

Kuanzia hapo Chura akawa farasi. Nilikwenda bondeni na kurudi, Mama Asali akasema nyuki wake walilala safari nzima. Simu zikaanza kuita. Wa vioo, wa mayai, wa makabati ya maharusi. Kaka akawa analizunguka gari jioni, analipiga teke tairi, anaguna.

"Umelitia machuma gari la mzee."

"Naam."

"Siku litakuangusha."

"Utalia?"

Halafu shangazi akaugua, nikapanda basi nikamuuguze. Gari nikaliacha uani, funguo ukutani ndani. Niliporudi nilimkuta kaka mpole kupita kiasi. Aliniuliza habari za shangazi mara mbili mbili. Nikadhani amekua.

Kesho yake alfajiri, mimi na Mama Asali tukapakia mizinga pale pale langoni. Nikawasha gari lingurume kidogo, niende bondeni.

Ndipo akaja mtu na taulo.

Haya, turudi chini ya gari.

Majirani walishajaa. Wengine na miswaki mdomoni. Wifi amesimama mlangoni, mikono kichwani. Baba akatoka na fimbo yake, hatua kwa hatua.

"Kuna nini?"

"Baba, gari hili si salama!" kaka akapaza sauti kutoka chini. "Amelichezea! Lisitoke mpaka fundi alikague!"

Damu ikanichemka. Nikaona ni wivu umevaa taulo. Tangu nikabidhiwe gari sijawahi kumwomba hata maji ya kuoshea, leo anakuja kunidhalilisha mbele ya mteja wangu?

"Unataka fundi?" nikamwambia. "Utapata fundi. Na akisema gari ni zima, hapo ulipolala utaniomba radhi kwa sauti hiyo hiyo."

Mama Asali akanivuta mkono. "Mwanangu, jua linapanda. Nyuki wakikaa humo bila kutembea watakufa kwa joto. Masega yatayeyuka."

Nikampigia Spana. Akaja anakimbia, nadhani zaidi kwa kutaka kuona sinema kuliko kazi. Akaingia chini, akalala sambamba na kaka yangu kama wagonjwa wa wodi moja.

Nikamsikia anagonga chuma. Kisha hakugonga tena.

Alipotoka hakuwa anacheka.

"Dada, juzi juzi ulibeba nini?"

"Sijabeba kitu. Nilikuwa kwa shangazi."

"Jani la juu la kushoto limekatika. Lile refu, linaloshika ekseli isihame. Na limekatika karibuni, chuma bado kinang'aa, hakijapata hata kutu."

"Mbona gari limesimama sawa?"

"Koili ndiyo inalinyanyua, kwa hiyo kwa nje huoni kitu. Lakini ungeingia ule mteremko wa bondeni na mzigo huu, ukakanyaga breki..." Akatazama mizinga. "Ekseli ingehama. Gari lingejiendea lenyewe."

Nikashika mlango.

Jani linakatikaje kwenye gari lililosimama?

Nikapanda nyuma, nikasogeza mzinga wa pembeni. Kwenye kona ya bodi kulikuwa na vumbi la mawe na kipande kizima kimenasa. Nikakiokota.

Wote tukageuka, kama tuliopangwa, kutazama upande wa pili wa ua. Pale kaka anapojenga. Rundo la mawe ya msingi, jipya kabisa, refu kuliko mimi.

Baba ndiye aliyeuliza. Aliuliza taratibu, na baba akiuliza taratibu ni afadhali akuchape.

"Ulilichukua gari la mdogo wako?"

Jibu likatoka chini: "Nilijua lina springi mpya, baba. Nikajua sasa linabeba chochote."

"Ukalisikia jani likikatika?"

"Nilisikia kitu kimelia. Nikachungulia, nikaliona. Nikalirudisha gari polepole."

"Na ukanyamaza."

"Nilitaka kulitengeneza kabla hajarudi. Akarudi mapema. Leo nikasikia analiwasha."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Hakulala pale kunizuia nisipate riziki. Alilala pale kunizuia nisife, ila ulimi ulikuwa mzito kuliko mawe yake.

Mngetaka niseme nililia, nikamkumbatia. Wapi!

"Toka," nikamwambia.

Akatoka, vumbi mpaka kwenye ndevu, ameshika taulo lake kwa mikono miwili.

"Ungesema!"

"Mbele ya baba?"

"Kwa hiyo ungekuja kusema mbele ya jeneza langu?"

Wifi akaanza kulia kule mlangoni. Majirani wakakumbuka ghafla kwamba wana miswaki mdomoni.

Baba akagonga fimbo chini. "Gari hili linataka kuniulia watoto. Liuzwe."

Sijawahi kumpinga baba maishani. Siku hiyo nilimpinga.

"Baba, nakuheshimu. Lakini gari halijakosa. Springi hazijakosa. Aliyekosa ni mtu, na mtu huwa tunamrekebisha, hatumuuzi. Ulinipa, nikapokea. Siuzi. Na leo hii nyuki hawa watafika bondeni, na nitawafikisha mimi."

Akanitazama. Nikangoja fimbo.

"Basi usisimame tu," akasema. "Nyuki wanaiva."

Nikamgeukia kaka. "Vaa suruali. Unashusha mizinga kuipeleka kivulini."

"Mimi? Nyuki?"

"Wewe. Nyuki."

Alishusha mmoja mmoja, jasho linamtiririka, anaomba dua zote anazozijua na nyingine anazitunga hapo hapo. Mama Asali akawafunika kwa magunia yaliyolowa maji. Kisha kaka akatumwa madukani, akarudi amebeba jani jipya begani mwenyewe, chuma kizito, mtaa mzima unamwona. Sikumwonea huruma. Spana akalifunga, akakagua na upande wa kulia, akakagua koili, akakagua hadi vitu ambavyo havikuwa na ubaya wowote.

Jua lilipopoa tukapakia upya.

"Panda," nikamwambia kaka.

"Niende wapi?"

"Panda."

Tukafika juu ya mteremko. Nikapunguza gia. Gari likashuka limetulia, pua barabarani, nyuma kumenyooka, mizinga haikugongana. Yeye kashika kishikio cha juu mpaka vidole vimebadilika rangi.

"Mbona haliruki?" akauliza.

"Ndiyo yale machuma niliyolitia gari la mzee."

Tukaenda kidogo.

"Kaka, pale chini. Ulidhani ningekupita juu?"

Akafikiri. Akafikiri kupita kiasi, kwa kweli.

"Sikuwa na uhakika," akasema. "Unajua ulivyo."

Nikacheka mpaka nikalazimika kusimamisha gari pembeni. Naye akacheka, kisha akageukia dirishani, akajipangusa uso kwa mkono wa shati, na mimi nikajifanya nasoma geji ya mafuta.

Sasa nyie mnaosoma.

Wadada wenzangu mlioambiwa kitu fulani hakikuzaliwa na nyie, ingieni chini mkafungue wenyewe. Watakuja kuwafuata huko huko. Lakini mkishatoka, kila asubuhi inameni mchungulie kabla ya kuwasha. Kiburi kizuri ni kile chenye macho.

Na wewe uliyevunja kitu cha mtu, ukakirudisha polepole ukidhani haitajulikana: sema leo. Aibu ya kusema inaisha siku ile ile. Aibu ya kunyamaza, kuna siku huvikwa sanda.